Aliyekesha asiguse seva: barua ya wazi kwa wakuu wa TEHAMA

Kwa wakurugenzi wa TEHAMA, mameneja wa miradi na maofisa rasilimali watu wa benki, kampuni za simu na kampuni za programu, Tanzania na Kenya.

Waheshimiwa,

Fomu ya kuomba mabadiliko kwenye mfumo mnaijua vizuri, maana ninyi ndio mnaoisaini. Ina nafasi ya namba ya toleo jipya la programu, seva (kompyuta zinazoendesha mfumo) zitakazoguswa, muda wa kuanza na wa kumaliza, njia ya kurudi kwenye toleo la zamani mambo yakiharibika, na jina la mtekelezaji. Haina mahali panapouliza huyo mtekelezaji aliamka saa ngapi. Sisi watengenezaji programu na wasimamizi wa seva tunaomba mstari huo uongezwe, kisha ratiba ya zamu ipangwe upya kwa kuufuata.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Dirisha la matengenezo, yaani muda uliotengwa wa kugusa mfumo, kwenye mifumo ya malipo hufunguliwa saa sita usiku na kufungwa saa kumi alfajiri, kwa kuwa miamala imepungua. Mtu aliyeamka saa kumi na moja na nusu alfajiri ili awahi daladala, akaingia ofisini saa mbili, akashinda kwenye vikao, kisha akala chipsi mezani kwake jioni akisubiri dirisha lifunguliwe, anafika kwenye hatua ngumu ya kazi saa nane usiku akiwa macho kwa saa 20 na nusu. Mwaka 1997 watafiti wa Australia, Dawson na Reid, waliwapima watu wakiwa wamekesha, kisha wakawapima wakiwa wanakunywa pombe kidogo kidogo, kwa jaribio lilelile la kuratibu jicho na mkono. Baada ya saa 17 za kuwa macho, uwezo ulikuwa umeshuka kama wa mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Ilipofika saa ya 24, ulikuwa kama wa mwenye asilimia 0.10. Mtekelezaji wenu wa saa nane usiku yuko katikati ya hapo. Basi la Mbeya hakuna atakayemkabidhi akiwa katika hali hiyo, lakini seva ya malipo anakabidhiwa, tena kwa sahihi tatu.

Wengi hudhani mchovu anaandika polepole tu. Laiti ingekuwa hivyo, tungeongeza saa mbili kwenye dirisha na mambo yakaisha. Kasi ya vidole haipungui sana. Kinachopungua ni uwezo wa kushika vitu vingi kichwani kwa pamoja, na kusoma msimbo, yaani maandishi ya programu, ni kazi hiyo hasa: kigezo hiki kina thamani gani sasa, foleni ile imebaki na nini, nani mwingine anaandika kwenye jedwali hili muda huuhuu. Ubongo usiolala hudondosha kimoja kati ya hivyo bila kumwarifu mwenyewe. Juu yake kuna kusinzia kwa sekunde mbili tatu macho yakiwa wazi, na kuna ung'ang'anizi: aliyekesha hushikilia dhana yake ya kwanza. Ameamua tatizo ni mtandao, basi atapima mtandao hadi alfajiri, na huku kumbukumbu za matukio ya seva zinamwonyesha wazi kwamba diski imejaa.

Tuchukue mfano wa kila siku. Mteja anatuma pesa, jibu linachelewa, programu inajaribu tena. Ombi la pili lisipobeba namba ileile ya kipekee iliyobebwa na la kwanza, mteja anakatwa mara mbili. Kila anayeandika mifumo ya malipo analijua hili, wala halina ugumu wowote. Linahitaji kukumbukwa tu, mahali panapohusika, kila mara, na kukumbuka ndiko kunakotangulia kwenda mtu asipolala. Vivyo hivyo amri ya DELETE (futa) ya kuondoa mistari 14 ya majaribio: ikikosa WHERE, kipande kinachotaja mistari ya kufutwa, inafuta data yote ya jedwali, na hifadhidata haitauliza mara mbili.

Tukio la GitLab, kampuni inayowahifadhia watengenezaji programu msimbo wao, la Januari 31, 2017 linastahili kusomwa na kila mkuu wa idara, kwa sababu kampuni yenyewe ililiandika hadharani hatua kwa hatua. Mhandisi wao alikuwa amekwisha kusema kwamba anafunga kazi, mnamo saa tano usiku kwa saa za kwake, maana muda ulikuwa umekwenda. Ghafla unakili wa data kutoka seva kuu kwenda seva ya akiba ukaanza kusumbua, akabaki. Akahangaika nao, ukakataa. Akaamua kufuta folda ya data kwenye seva ya akiba ili aanze upya. Dirisha la kuandikia amri lililokuwa mbele yake kwenye skrini lilikuwa la seva kuu. Majina ya seva hizo mbili yalitofautiana kwa tarakimu moja. Alishtuka baada ya sekunde chache na kuikatisha amri, lakini kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimebaki kama 4.5. Njia tano za nakala rudufu walizodhani zinafanya kazi hazikuwasaidia, wakaokolewa na nakala iliyochukuliwa saa sita kabla. Data ya saa hizo sita ilipotea.

Hatusemi uchovu peke yake ndio uliofuta folda ile. Nakala rudufu zisizopimwa ni kosa la mchana kabisa. Tunachowaomba muone ni mpangilio: tatizo jipya limemkuta mtu aliyekwisha kuaga, hakuna wa kumpokea, na kati ya mtu huyo na data ya wateja kuna tarakimu moja.

Sasa kuna jambo ambalo mameneja wengi hulikosea kwa nia njema kabisa. Humpigia mtu wa zamu saa saba usiku na kumuuliza, "Uko sawa?" Anajibu yuko sawa, na hadanganyi. Mwaka 2003 Van Dongen na wenzake, kule Marekani, walichapisha matokeo ya watu waliowekwa maabara kwa siku 14. Waliolala saa 6 kwa usiku walifika mahali ambapo umakini wao ulikuwa kama wa watu waliokosa usingizi kabisa kwa hadi siku mbili mfululizo. Walipoulizwa kama wana usingizi, walisema kidogo tu. Uwezo uliendelea kushuka kila siku, na hisia ya uchovu ilikuwa imetulia mapema. Kwa hiyo anayelala saa 6 kila siku, na kujisifu kwamba amezoea, ameizoea hisia tu. Ndiyo sababu tunaomba saa za kuamka ziandikwe kwenye fomu. Jibu la "niko sawa" halina uzito wowote wa kiufundi.

Kwa waandika programu hasa, Davide Fucci na wenzake waliwapa wanafunzi 45 kazi moja ya kuandika msimbo, baadhi yao wakiwa wamekosa usingizi usiku mmoja. Ubora wa walichoandika waliokesha ulipungua kwa asilimia 50. Mtasema hao ni wanafunzi, na kazi ilikuwa ndogo. Ni kweli. Lakini wanafunzi hao wakihitimu ndio mnaowaajiri, na ndio mnaowapa zamu za usiku kwa kuwa "bado vijana".

Tuje kwenye ratiba, ambako ndiko kwenye kazi.

Zamu ya kuitwa usiku inahitaji watu wawili kwa kila wiki: wa kwanza anayepokea simu, na wa pili anayepokea wa kwanza asipoitika au akihitaji jicho jingine. Mkiwa na timu ya watu 4, kila mtu yuko zamu wiki moja, anapumzika moja, anarudi. Deni la usingizi la wiki ya kwanza halijalipwa, la pili linaingia. Mkiwa na watu 8, kila mmoja ana wiki moja kati ya nne. Wahandisi wa Google wanaosimamia uthabiti wa mifumo wametaja hiyo 8 kama idadi ya chini kwa timu iliyo sehemu moja. Wametaja pia kikomo cha matukio 2 kwa zamu ya saa 12, kwa hoja kwamba tukio moja, ukijumlisha kulitibu, kutafuta chanzo chake na kuandika taarifa, hula kama saa 6. Kampuni ndogo itasema haina watu 8. Sawa. Basi isiahidi huduma ya saa 24 kwa mifumo yote. Iuchague mmoja au miwili ambayo ikisimama mteja anaumia usiku huohuo, kwa mfano malipo na kuingia kwenye akaunti, na mingine yote ingoje saa mbili asubuhi. Ripoti ya mauzo ikikwama saa tisa usiku, nani anaisoma saa tisa usiku?

Kengele zenyewe, yaani maonyo ya mfumo yanayomwamsha mtu wa zamu, zinahitaji kufyekwa, na hapa wa kulaumiwa mara nyingi ni sisi mafundi. Tunaweka onyo la "diski imefika asilimia 80" kwa sababu ndilo lililokuja na programu. Diski inaweza kukaa kwenye asilimia 81 miezi mitatu bila madhara, na kila usiku simu inalia. Onyo lenye maana linaangalia kasi: kwa mwendo huu diski itajaa ndani ya saa 4. Cheti cha usalama cha tovuti kinachoisha baada ya siku 30 ni kazi ya mchana, wala hakina sababu ya kumwamsha mtu. Kanuni tunayoipendekeza ina masharti mawili, na yote lazima yatimie: mteja anaumia sasa, na kuna kitu ambacho binadamu anaweza kukifanya sasa. Kengele isiyotimiza yote mawili iende kwenye orodha ya kazi za asubuhi. Kila Jumatatu mpitie simu zote zilizolia kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi, na ile ambayo aliyeamshwa aliiangalia, akaizima, akalala, ifutwe siku hiyohiyo. Si ya kujadiliwa kikao kijacho.

Kuamshwa nako kuna taratibu zake. Theluthi ya kwanza ya usiku ndiyo yenye usingizi mzito zaidi, kwa hiyo simu ya saa saba humkuta mtu aliyelala saa tano akiwa ndani kabisa. Anaitika, anafungua kompyuta, anaonekana ameamka. Ubongo wake unahitaji dakika 15 hadi 30 kuondoa ukungu, na wakati mwingine zaidi. Wekeni sheria ya kusoma kabla ya kugusa: dakika 15 za kwanza anaangalia grafu na kumbukumbu za mfumo, anaandika kwenye chaneli ya timu anachokiona, na haandiki amri yoyote inayobadilisha data. Kitu pekee anachoruhusiwa ni kurudisha toleo la jana, na hicho kiwe kimeandaliwa na kupimwa mchana, kwa amri moja isiyohitaji kufikiri. Ikibidi kugusa hifadhidata, wa pili naye aamshwe. Mmoja asome jina la seva na amri kwa sauti, mwingine athibitishe, ndipo kitufe kibonyezwe. Inachosha na inaonekana ya kitoto, lakini inagharimu sekunde 20.

Na kwenye skrini, dirisha la amri la seva halisi, ile inayohudumia wateja, liwe na rangi nyekundu. Hili hata bajeti halihitaji. Ni mistari michache kwenye faili la mipangilio, na jina la seva lijieleze kwa neno: "KUU" na "AKIBA", si tarakimu ya mwisho.

Sasa matoleo ya usiku wa manane. Desturi hii ilianza enzi ambazo kupandisha toleo jipya kulimaanisha kuuzima mfumo wote. Siku hizi mifumo mingi inaweza kupokea toleo jipya hatua kwa hatua: kwanza kwenye seva moja yenye asilimia 1 ya wateja, subira ya dakika 30, kisha asilimia 10, 50, na wote. Katika kila kituo angalieni mambo matatu: idadi ya makosa, muda wa kujibu, na miamala iliyokwama bila kukamilika wala kukataliwa. Kikipanda kimoja, mnarudi nyuma, na walioathirika ni wachache. Kazi hiyo mahali pake ni Jumanne saa nne asubuhi, watu wote wakiwa ofisini, aliyeandika msimbo yuko meza ya tatu, na huduma kwa wateja wanapokea simu. Msimbo mpya unaweza pia kupandishwa ukiwa umezimwa kwa swichi ndani ya programu, ukawashwa baadaye kwa wateja wachache. Saa nane usiku hata asilimia 1 ya wateja haitoshi kuonyesha kosa, kwa kuwa wenyewe wamelala. Mnalikuta saa mbili asubuhi mawakala wakifungua vibanda, na kwa wakati huo aliyepandisha toleo amelala na simu imezimwa, au mbaya zaidi, yuko kikaoni.

Zipo kazi zisizo na ujanja. Kubadilisha muundo wa jedwali kubwa linalojifunga wakati wa kazi, kufunga hesabu za siku kwenye mfumo mkuu wa benki, kubadilisha swichi ya mtandao isiyo na mbadala. Hizo zibaki usiku, kwa masharti. Mtekelezaji asiingie kazini mchana wa siku hiyo, walau hadi jioni. Alale saa moja na nusu kati ya saa tisa na saa kumi na moja jioni, maana dakika 90 ni kama mzunguko mmoja kamili wa usingizi. Hatua ngumu ziwekwe mwanzo wa dirisha, kwa kuwa kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi saa ya mwili iko chini kabisa, hata kwa aliyelala mchana. Wekeni saa ya kugeuka: ikifika saa tisa na hatua fulani haijakamilika, kazi inarudishwa nyuma bila mjadala, na uamuzi huo uandikwe mchana na mtu aliye macho. Saa tisa usiku kila mtu huona amebakiza dakika kumi tu. Kabla ya yote, choreni grafu ya miamala kwa kila saa na muisome. Huenda tofauti kati ya saa nne usiku na saa nane usiku ni ndogo kuliko mazoea yanavyosema, na saa nne mtu bado ana akili zake.

Tarehe za mishahara hatuna haja ya kuwafundisha. Kuanzia tarehe 25 hadi mwezi unapogeuka, msipandishe kitu. Ijumaa jioni pia.

Asubuhi ya pili yake ndiyo inayotuuma zaidi. Mtu amemaliza saa kumi alfajiri, amepanda bodaboda gizani akisinzia mgongoni mwa dereva, na saa tatu anatakiwa kikaoni aeleze kilichotokea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, namba 6 ya mwaka 2004, inampa mfanyakazi angalau saa 12 mfululizo za mapumziko kati ya kumaliza kazi na kuianza tena. Kwa lugha ya saa, aliyemaliza saa kumi alfajiri hatakiwi kurudi kabla ya saa kumi jioni, yaani siku hiyo imekwisha. Sheria hiyohiyo imeweka wiki ya kawaida kuwa saa 45, saa za ziada zisizidi 50 katika mzunguko wa wiki nne, na nyongeza ya angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inadai angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku 7, na wiki ya zamu ya kuitwa ambayo simu inalia Jumapili ni ya kuangaliwa upya kwa jicho hilo.

Mwanasheria wa kampuni atawaambia kwamba dharura zimeachwa nje ya masharti ya mapumziko. Amesema kweli, ila asome hadi mwisho: ni dharura isiyoweza kufanywa na wafanyakazi ndani ya saa zao za kawaida. Seva iliyoungua ni dharura. Toleo lililopangwa wiki tatu kabla, likaombewa kibali, likatumiwa wateja ujumbe mfupi wa kuwataka radhi mapema, si dharura kwa tafsiri yoyote.

Kwa kampuni zinazofanya kazi za wateja wa Marekani, tatizo ni jiografia. Saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni ya San Francisco ni saa mbili usiku hadi saa kumi alfajiri ya Dar es Salaam na Nairobi. Hiyo ni kuanzia Novemba hadi Machi, na wao wakisogeza saa zao kipindi cha joto inakuwa saa moja usiku hadi saa tisa. Mikataba inayosema "saa za mteja" inaajiri mlinzi wa usiku na kumwita mhandisi. Andikeni badala yake muda wa kukutana usiozidi saa mbili, unaoisha saa nne usiku kwa saa zetu. New York ni rahisi zaidi: saa tatu asubuhi yao ni saa kumi au kumi na moja jioni kwetu. Yaliyobaki yaende kwa maandishi: maelezo ya kazi, picha ya kosa, swali lenye chaguo mbili mteja achague akiamka. Ikiwa lazima mtu afanye usiku kucha, basi iwe zamu ya kudumu kwa miezi, si wiki hii usiku na wiki ijayo mchana. Na zamu zikizunguka, zizunguke kwenda mbele: asubuhi, jioni, kisha usiku. Mwili huchelewa kulala kwa urahisi kuliko unavyowahi.

Aliyefanya usiku analala mchana, na mchana wa Dar mnaujua: bati limepata jua, jirani anachomelea madirisha, na muuza samaki anapita na honi. Kampuni hulipia bando bila kuulizwa. Pazia zito jeusi, feni na viziba masikio vya povu ni gharama ndogo, tena ya mara moja, na hatujaona vikiorodheshwa kama vifaa vya kazi.

Kuna jokofu la vinywaji vya kuongeza nguvu, zawadi ya kampuni kwa wanaokesha. Kafeini haileti nguvu. Mtu akiwa macho, ubongo hulimbikiza adenosini, kemikali inayoleta usingizi, na kafeini hukaa kwenye milango yake ili isisikike. Adenosini yenyewe inabaki, inazidi kujaa nje ya mlango. Nusu ya kafeini huondoka mwilini kwa takriban saa 5, kwa hiyo kopo la nusu lita lenye miligramu 160 lililonywewa saa nne usiku bado lina miligramu 80 saa tisa, sawa na kulala na kopo dogo tumboni. Kwa mtu mzima mwenye afya kikomo kinachotajwa ni miligramu 400 kwa siku nzima, kahawa na chai zikiwemo. Anayeihitaji anywe mwanzo wa zamu, si mwisho. Mahali pa jokofu hilo wekeni kitanda kimoja na mlango unaofungwa. Dakika 20 za kulala zinatosha. Akizidisha hadi dakika 40 anaweza kuamka katikati ya usingizi mzito na kupoteza nusu saa nyingine kujipata.

Mwezi wa Ramadhani ratiba ibadilike kwa wanaofunga, maana daku inakata usiku vipande viwili. Wasipangwe zamu ya kuitwa usiku bila kuulizwa, na kikao cha saa mbili asubuhi kisogezwe hadi saa nne. Haina gharama.

Kwa maofisa rasilimali watu, takwimu moja ya muda mrefu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa tathmini yao ya pamoja: kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, ukilinganisha na saa 35 hadi 40, kunaambatana na hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo iliyo juu kwa asilimia 17. Jumlisheni saa za ofisini, za dirisha la usiku na za kuamshwa katika wiki moja ya zamu, kisha muone mnafika ngapi. Wengi wenu hamna namba hiyo, kwa kuwa saa za kuamshwa haziandikwi popote.

Tunaomba ziandikwe kuanzia mwezi ujao: jina, saa ya simu, saa ya kumaliza, saa aliyorudi kazini. Jedwali la safu nne linatosha. Na kwa sasa tunahitaji jibu la swali moja, kwa maandishi, kutoka kwa kila mkuu wa idara: ni nani aliyepangwa zamu usiku wa kuamkia tarehe 1, na siku hiyo anatakiwa kuingia ofisini saa ngapi?

Wenu katika kazi,
Watengenezaji programu na wasimamizi wa seva